Nimechoka kupika sufuria mbili, na mume wangu bado anakula chumvi usiku

Dada shikamoo, natumaini u mzima. Nimekuwa nikisoma majibu yako kimya kimya muda mrefu ila leo nimeamua kuandika maana nimefika mwisho, nisipoyatoa haya moyoni nitakuja kuyamalizia kwa watoto na wao hawana kosa lolote.

Mume wangu ana miaka 52. Miezi minne iliyopita alienda kupima macho tu, nesi akampima na presha ikasoma 168 kwa 102, akaambiwa arudi, akarudi mara mbili zaidi bado iko juu, daktari akamwanzishia vidonge, kimoja kila asubuhi, halafu akanigeukia mimi (mimi, sio yeye mgonjwa) akasema mama punguza chumvi nyumbani. Basi. Dakika kumi tukawa nje. Hakunieleza nipunguze kiasi gani wala nipike vipi.

Sasa mi kwa ile hofu nikaenda moja kwa moja kwenye kukata kabisa. Nikanunua kasufuria kadogo kake peke yake, chakula chake nakichemsha bila chumvi, bila mafuta, bila chochote, na sisi wengine nyumbani, mimi na watoto wawili wa miaka 14 na 9, tunapikiwa kama kawaida kwenye sufuria kubwa. Natoka kazini nafika nyumbani saa moja jioni, naanza sufuria ya kwanza, nikimaliza naanza ya pili, tunakula saa tatu wakati mwingine saa tatu na nusu, miguu inawaka moto. Wiki ya kwanza alikula bila neno. Ya pili akaanza kubakiza. Ya tatu yule mdogo akauliza mezani, mama mbona baba anakula chakula cha mgonjwa, na tangu siku hiyo baba yao hakai tena mezani na sisi, anachukua sahani yake anaenda kukaa mbele ya tivii na nikienda kuichukua naikuta karibu imejaa.

Juzi niliamka saa nane usiku sikumkuta kitandani. Nikamkuta jikoni, taa hajawasha, kafungua friji na ule mwanga wake ndio anaoutumia, kashika bakuli la mchuzi wa watoto, kopo la chumvi liko wazi pembeni na kijiko kimesimama ndani yake, anakula amesimama. Aliniangalia kama mtoto aliyeshikwa. Sikusema kitu na yeye hakusema kitu, nikarudi kulala, nikalia mpaka mto ukalowa.

Halafu kuna majirani. Tuko nyumba nne tumezoeana sana, kila Jumamosi jioni tunakula pamoja kwa zamu, leo kwangu wiki ijayo kwa mwenzangu, watoto wanacheza, wakubwa tunapiga stori, kwa kweli ndio raha pekee niliyonayo kwa wiki. Mwezi uliopita nikambebea mume wangu kikontena chake cha plastiki, nikakiweka mbele yake watu wote wakaona. Mmoja akamtania, sikumbuki hata alisema nini, watu wakacheka kidogo, mume wangu naye akacheka. Jumamosi zote zilizofuata amesema anaumwa kichwa. Naenda na watoto tu.

Na humo humo jirani mwingine kaniletea chupa ya majani yaliyochemshwa, anasema anywe hiyo vidonge aache maana vidonge ukianza huachi. Mwingine kaniambia kuna chumvi maalumu ya watu wa presha ninunue hiyo yaishe. Na mume wangu mwenyewe anasema kama anameza dawa basi chakula aachiwe, vinginevyo ataacha dawa ale huo uji wangu. Dada, nampenda huyu mtu. Nifanye nini? Niendelee kumkazia au nimwache? Na kama kuna namna ya kupika ambayo haitanimaliza nguvu nifundishe, mi sio mpishi hodari.

Mke wa sufuria mbili

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, pole kwa kweli kweli. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale kwenye mwanga wa friji nasimama.

Nianze na ninachokiamini mimi kuliko vyote halafu mapishi yatafuata. Kinachoharibu mambo nyumbani kwako ni ile sufuria ya pili. Sio mume wako mkaidi, sio wewe mpishi mbaya, ni kile kisufuria. Siku ulipokitoa dukani ulimtoa mwenzio kwenye nyumba bila kujua, ukamweka upande wa wagonjwa na nyie mkabaki upande wa wazima, na mtu mzima wa miaka 52 ambaye hasikii maumivu yoyote (presha haiumi, ndio ubaya wake) hawezi kukubali kukaa huko kila siku ya Mungu mara tatu. Nayajua haya kwa sababu nimeyaona kwetu. Baba yangu alipikiwa kisufuria chake kwa miaka mitatu, cha bati, mpini mmoja umeng'oka, na sisi watoto tulikuwa tunakiogopa, hakuna aliyethubutu kukigusa wala kuonja kilichomo kana kwamba presha inaambukiza. Mama alikuwa anafanya kwa mapenzi yote kama wewe. Lakini baba alikuwa anakula mwenyewe, na alipokuwa akitoka nyumbani alikuwa anakula chochote anachokiona huko njiani kama mtu aliyefunguliwa. Hatukuwahi kufikiria kwamba tungeweza kula naye kile kile.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, usimkazie na usimwache. Rudisha sufuria moja. Nyote wanne mle kitu kimoja, chenye ladha, chenye chumvi kidogo kuliko mlivyozoea, na kiwe kinapungua polepole. Na usidhani unawaonea watoto, wala wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kikiwa hakijajaa sana, na watoto wanatakiwa wapate pungufu ya hapo. Wakati huo huo shirika hilo hilo linakadiria kwamba wastani wa dunia ni karibu gramu 11 kwa mtu mzima, yaani mara mbili na zaidi. Sufuria kubwa mnayokula nyinyi watatu kama kawaida sio sufuria ya wazima basi, ni sufuria inayowapeleka polepole alikofika baba yao.

Unataka kujua nyumba yako iko wapi? Chukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake siku unayoifungua. Watu wanne kwa gramu 5 ni gramu 20 kwa siku, nusu kilo inatakiwa iende siku 25, na hapo ni kama hakuna chumvi nyingine inayoingia mdomoni kutoka kokote. Ikiisha kwa wiki mbili maana yake mko kwenye karibu gramu 9 kwa kila kichwa kabla hata hujahesabu mkate, soseji, chipsi za pakiti, jibini, tambi za kuloweka na maji ya moto, na hasa vile vijipande vya supu vinavyofungwa kwenye karatasi. Hivyo vijipande mdogo wangu ni chumvi tupu iliyovaa nguo nzuri, mtu anasema sijatia chumvi kabisa na kaweka viwili. Ukisoma pakiti ukaona wameandika sodiamu (ile madini iliyo ndani ya chumvi) badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 ndio uipate chumvi yenyewe, kwa mfano sodiamu miligramu 800 ni chumvi gramu 2, tayari karibu nusu ya siku nzima.

Sasa kosa la pili, nalo sio lako peke yako, karibu kila mtu huanzia hapo. Ulikata yote siku moja. Ulimi haufanyi kazi hivyo. Ulimi uliozoea chumvi nyingi ukinyimwa ghafla kila kitu kinakuwa karatasi, ndio maana anaamka saa nane. Lakini ulimi unajifunza, ukiupa wiki kadhaa za kupungua kidogo kidogo unafika mahali kile chakula cha zamani chenyewe unakiona kichungu kwa chumvi, nimeshuhudia watu wanakunja uso kwenye supu waliyokuwa wanaililia. Fanya hivi, acha kumwaga chumvi kwa mkono, pima kwa kijiko. Wiki ya kwanza pima tu ujue kawaida yako ni ngapi kwa sufuria moja, usipunguze kitu. Wiki inayofuata ondoa robo yake. Kaa hapo wiki mbili hivi, ondoa tena kidogo, endelea hivyo. Kama daktari amempa kiwango chake mahususi fuateni hicho, na mkirudi kliniki mwulizeni hilo swali wazi wazi, anatakiwa ale kiasi gani, mume wako ndiye aulize kwa mdomo wake.

Chumvi iingie mwishoni mwishoni, sio mwanzoni. Ukiitia mapema inazama kwenye chakula, unaonja huisikii, unaongeza. Ukiitia chakula kikikaribia kushuka ile ndogo uliyonayo inakutana na ulimi moja kwa moja.

Na hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana kile ulichokuwa unampikia, samahani kusema, hata mimi nisingekula. Kuchemsha bila kitu sio kupunguza chumvi, ni kupunguza chakula. Kitu kinachotolewa lazima kingine kiingie mahali pake, na vinavyoingia ni vinne hivi, ukali wa limau au siki, utamu wa kitunguu kilichokaangwa taratibu, harufu ya viungo vilivyopashwa moto, na uzito wa nyanya iliyopikwa mpaka ikaiva kweli. Chukua maharage, kitu rahisi ambacho hata asiye mpishi anakiweza. Jumamosi usiku loweka maharage kwenye maji mengi, Jumapili mwaga yale maji, weka mapya, chemsha. Kama ni yale mekundu makubwa hakikisha yametokota kwa nguvu angalau dakika 10 mwanzoni, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi, ukishapita hapo punguza moto yaive taratibu mpaka ukibonyeza moja kwa vidole linapondeka bila ubishi. Usitie nyanya wala limau kabla hayajalainika, kitu kikali kinayafanya yagome kuiva hata ukimaliza gesi yote.

Pembeni, mafuta vijiko viwili vikubwa, vitunguu vitatu vilivyokatwa vyembamba, moto wa chini. Sio dakika tano. Dakika 15 mpaka 20, unageuza mara moja moja, kwanza vitatoa maji, halafu vitalegea, halafu vitaanza kuwa na rangi ya dhahabu na jikoni kutanukia kiasi kwamba watoto watakuja kuuliza tunakula nini. Hapo ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, pilipili manga, dakika moja tu usiunguze, kisha nyanya nne. Nyanya uziache mpaka zisagike zenyewe na mafuta yaanze kujitenga pembeni, ukiziwahi zitakuwa na uchachu mbichi na mtu atatafuta chumvi ya kuuziba. Mimina maharage na maji yake kidogo, ponda upawa mmoja kwenye ukingo wa sufuria mchuzi uwe mzito, acha dakika 10. Chumvi yako uliyopima. Zima moto. Sasa ndio kamua limau nusu na utupie majani ya giligilani kama mnayapenda. Lile limau la mwisho ndilo linalofanya kazi ya chumvi, onja kabla na onja baada utashangaa mwenyewe.

Huo mchuzi wa vitunguu na nyanya peke yake ndio dawa ya uchovu wako. Jumapili pika mara tatu ya kiasi hicho kwenye sufuria kubwa, bila chumvi kabisa, upoe, gawa kwenye vikopo, weka kwenye friza. Maharage vile vile, chemsha kilo nzima, gawa. Ukirudi saa moja jioni unatoa kopo la mchuzi, unaweka jikoni, ndani yake unatupia chochote, mayai, kuku aliyelala na limau na kitunguu saumu tangu asubuhi, dengu, samaki, mboga za majani, na dakika 20 mpaka 25 mko mezani. Angalia tu vitu vilivyopikwa visikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia kwenye friji, wali ndio wa kuwahi zaidi kwa sababu kuna bakteria wake ambao hata ukipasha tena sumu yao haifi, vya kwenye friji mle ndani ya siku tatu au nne, wali usivuke kesho yake, na ukipasha pasha mpaka moshi utoke katikati, mara moja tu. Na siku umechoka kiasi kwamba hata kuloweka umesahau, maharage ya kopo hayana dhambi, yamwage kwenye chujio uyasuuze kwa maji ya bomba, sehemu nzuri ya chumvi inaondoka na ule ute wake.

Kingine ambacho daktari hakukwambia kwa ile haraka, presha haishuki kwa kutoa tu, inashuka kwa kuongeza pia. Mwaka 1997 Marekani yalitoka matokeo ya utafiti wa mlo unaoitwa DASH, watu walilishwa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka zisizokobolewa, jamii ya maharage na karanga, na chumvi haikuguswa, ilibaki kiasi kile kile, lakini presha zilishuka. Mwaka 2001 wakarudi wakajaribu mlo huo pamoja na kupunguza chumvi, zikashuka zaidi. Kwa hiyo badala ya kuanza kila siku na nimtolee nini mume wangu, anza na tuongeze nini, tunda baada ya chakula, mboga ijae nusu ya sahani. Hiyo ni habari ya kufurahisha kuitangaza mezani, ile nyingine ni ya kunyang'anya.

Vidonge. Hapa nakuwa mkali kidogo. Asiviache, wala asivitumie kama leseni ya kula chumvi. Dawa na chakula vinasaidiana, na chumvi nyingi inaipa dawa kazi ngumu. Akiacha ghafla presha inaweza kupanda na yeye asisikie chochote mpaka siku ya kiharusi. Kama kuna kitu dawa inamfanyia, kikohozi kikavu, miguu kuvimba, kizunguzungu, nguvu za chumbani kupungua (wanaume wengi hili hawalisemi, wanaacha tu dawa kimya kimya), amwambie daktari, dawa za presha ni za aina nyingi na zinabadilishwa. Na ile chupa ya majani mshukuru jirani, moyo wake mzuri, lakini iweke pembeni mpaka daktari ajue kuna nini ndani, kwa sababu mimea mingine inagongana na dawa. Na mkiona maumivu makali ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea, maneno kuvurugika, au kuona ghafla kunafifia, hiyo sio ya kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Chumvi maalumu ipo kweli, aliyekuambia hakukudanganya. Ni chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu, madini nyingine. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000, wengi wao walishawahi kupata kiharusi, na waliotumia chumvi ya namna hiyo walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14. Lakini usiinunue kabla hamjauliza. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumwekea potasiamu nyingi kwenye damu na hiyo inachezea mapigo ya moyo. Nendeni na jina la kidonge chake, mwulizeni daktari au mfamasia swali moja, huyu anaweza kutumia chumvi yenye potasiamu? Wakisema ndiyo, nyumba nzima itumie, sio kikopo cha baba.

Na huyu baba naye. Umeona kwenye barua yako nzima hafanyi kitu? Daktari kaongea na wewe, sufuria umenunua wewe, kontena umebeba wewe, yeye kazi yake ni kula au kukataa kula, na mtu ambaye hana uwezo mwingine wowote atatumia huo wa kukataa. Mpe kijiko. Kipimo cha chumvi kiwe mkononi mwake, yeye ndiye anayetia chumvi kwenye sufuria ya familia kila jioni, yeye ndiye anayeonja na kuamua limau liongezwe. Jumapili mkipika ule mchuzi yeye akate vitunguu, na yule wa miaka 14 aponde vitunguu saumu. Kama mnaweza kupata mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga kwenye mkono wa juu, iwe yake na daftari lake. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini isipishane, ametulia dakika 5 bila kuongea, nusu saa kabla ya kupima hajanywa kahawa wala kuvuta sigara, amekojoa, mkono uko mezani usawa wa moyo na nguo imepandishwa, apime mara mbili na apumzike dakika moja katikati. Nyumbani mnatafuta iwe chini ya 135 kwa 85, au lengo lolote ambalo daktari wake amemwekea. Mtu akiona mwenyewe namba yake inateremka wiki baada ya wiki na ameiandika kwa mwandiko wake, hahitaji tena mlinzi wa friji.

Majirani nao usiwakimbie, hao ni msaada mkubwa kuliko unavyofikiri. Mpigie simu mmoja unayemwamini zaidi, sio tangazo kwenye grupu, mwambie ukweli kwamba kile kikontena kilimuumiza mume wako na unataka arudi. Mwombe zamu yake apunguze chumvi jikoni na kopo la chumvi likae mezani anayetaka ajiongezee. Nakuhakikishia kwenye hizo nyumba nne hayuko peke yake mwenye presha, ni vile wengine hawajapima au wamepima wamenyamaza. Zamu yako ikifika pikeni ile maharage na kuku wa limau, msiseme kitu chochote kuhusu afya, acheni watu wale washibe waombe kuongezewa. Na baada ya chakula badala ya kukaa mkanyanyuka wakubwa wote mkazunguka nusu saa na watoto mbele, mtakuwa mmeanza kuzisogelea zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo watu wa afya wanazisema, na hakuna aliyeambiwa anafanya mazoezi.

Yale ya usiku jikoni usimkumbushe kama kesi. Ila msiyafukie pia. Leo watoto wakilala kaa naye, zima tivii, umwambie kwa maneno yako kitu kama hiki, nilikuwa nakupikia kwa hofu sikukupikia kwa akili, nilikutenga bila kukusudia, nisamehe, kuanzia kesho tunakula sufuria moja na naomba unisaidie kuipika. Msikilize akijibu, hata akinyamaza msikilize. Na kile kisufuria kidogo usikifiche wala usikitupe, kesho asubuhi chemshia mayai ya watoto humo.